Akimaliza kifungo, nani anamwangalia? Wahalifu wa kingono na sheria ya Kenya

Mwaka huu nimeulizwa swali moja mara nyingi hapa Kariokor, na wanaoniuliza ni wazazi. Mtu alifungwa kwa kumnajisi mtoto, amemaliza kifungo, amerudi mtaani, na asubuhi anapita akisalimia watu kama kwamba alikuwa safarini. Je, serikali yaweza kumrudisha ndani? Na kama haiwezi, nani anamwangalia?

Swali la kwanza lina jibu fupi: haiwezi. La pili lina jibu refu, na sehemu kubwa ya jibu hilo imo katika sheria tuliyo nayo tangu 2006. Wengi wetu tunaijua sheria hiyo kwa ukurasa mmoja tu, ule wa adhabu.

Naandika kutoka Nairobi, lakini nawaandikia watu wa kwetu Pwani kwa sababu jambo hili halina mpaka. Kariokor, Ziwani, Pumwani na Majengo zina watu wa Pwani tangu enzi za babu zetu, na mabasi hayalali. Anayekimbia macho ya watu Kisauni hulala njiani usiku mmoja, asubuhi yuko River Road akitafuta chumba. Na anayefukuzwa Kariokor hushukia Mwembe Tayari. Huko aendako hakuna anayemjua, na sheria inayomhusu ni ile ile.

Kwanza nieleze kwa nini swali hili limezuka sasa. Sheria ya Makosa ya Kingono, nambari 3 ya 2006, ilianza kutumika Julai 21 mwaka huo. Mswada wake ulipelekwa bungeni na Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge wa kuteuliwa, leo jaji wa Mahakama ya Juu. Sheria hiyo iliweka vifungo vya chini ambavyo hakimu hawezi kuteremka chini yake. Ubakaji ni miaka isiyopungua 10. Kumnajisi mtoto wa miaka 16 hadi 18 ni miaka isiyopungua 15. Mtoto wa miaka 12 hadi 15, isiyopungua 20. Mtoto wa miaka 11 kushuka chini, kifungo cha maisha.

Sasa piga hesabu. Sheria ya Magereza, kifungu cha 46, humpunguzia mfungwa thuluthi moja ya kifungo chake akiwa na nidhamu na bidii ya kazi, isipokuwa wachache kama waliofungwa maisha. Basi aliyefungwa miaka 15 hutoka baada ya 10. Aliyefungwa 20 hutoka baada ya miaka 13 na miezi minne. Mtu aliyehukumiwa miaka 15 Januari 2012 alikuwa nje Januari 2022. Kwa maneno mengine, kizazi cha kwanza cha waliofungwa kwa sheria hii ndicho kinachorudi majumbani hivi sasa, na kitaendelea kurudi. Mtoto aliyeumizwa akiwa na miaka 13 leo ni mtu mzima, pengine ana watoto wake, na anaweza kukutana na mtu yule kwenye foleni ya maji. Kisheria hakuna kilichoharibika. Kifungo kimeisha, mtu ametoka. Tatizo ni kwamba sheria ilikusudia atoke akiwa na mtu wa kumfuatilia, na hapo ndipo pengo lilipo.

Wengine huniambia: huko Marekani hawawaachilii. Ni kweli kwa kiasi. Jimbo la Washington lilianza mwaka 1990, na leo majimbo yapatayo 20 pamoja na serikali kuu ya nchi hiyo yana sheria za kumzuilia mhalifu wa kingono baada ya kumaliza kifungo. Haitwi mfungwa tena. Huitwa mgonjwa au mkaazi, hupelekwa kwenye kituo chenye ukuta na walinzi, na hukaa humo hadi madaktari na mahakama waseme si hatari tena. Kesi iliyoweka msingi ni ya Leroy Hendricks wa Kansas, mtu aliyekuwa amewadhuru watoto kwa miongo kadhaa na ambaye mwenyewe alikiri kwamba hawezi kujizuia. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji watano kwa wanne, kwamba kumzuilia vile si adhabu ya pili, bali ni hatua ya kiraia ya kulinda umma.

Maneno hayo yasomeke polepole, maana utekelezaji wake ni jambo jingine. Minnesota ilianza mpango wake mwaka 1994, ikawa na watu zaidi ya 700 ndani, na kwa miaka mingi karibu hakuna aliyeachiliwa kabisa. Ujerumani nao walikuwa na kuzuilia kwa namna hiyo. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikawaambia Desemba 2009 kwamba kumwongezea mtu muda usio na kikomo, wakati alipohukumiwa kulikuwa na kikomo cha miaka 10, ni adhabu iliyobadilishwa jina. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani kwenyewe ikaubomoa mfumo wote Mei 2011 na kuagiza ujengwe upya.

Kenya haina sheria ya namna hiyo, na sioni itakavyopita. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inakataza mtu kuzuiliwa bila kesi isipokuwa wakati wa hali ya hatari. Kifungu cha 50 kinakataza mtu kushtakiwa mara mbili kwa kosa moja. Na mtaa huu una kumbukumbu yake. Jina Kariokor ni lile lile la Kariakoo ya Dar es Salaam, lilitokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Lakini wazee wa hapa wakizungumza habari ya kukamatwa hawaanzi na vita hivyo. Huanza na Aprili 24, 1954, siku ya Operesheni Anvil, wanajeshi walipozingira mitaa ya mashariki ya Nairobi na kuwachukua watu kwa maelfu. Walichujwa Lang'ata, wakapelekwa Mackinnon Road na Manyani, na wengi hawakuona hakimu. Sisi wa Pwani tuna Hola, ambako wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo Machi 1959. Nchi iliyopita huko haifai kuwa na haraka ya kuandika sheria inayosema: kifungo chako kimeisha, lakini tunakuweka kwa sababu ya lile unaloweza kufanya kesho. Huo ni mtazamo wangu, na najua kuna mama anayesoma hapa akiona naongea kirahisi. Nitafika kwake.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya na hili. La kwanza ni hospitali ya Mathari. Mtu akipatikana alitenda kosa akiwa na ugonjwa wa akili, Sheria ya Taratibu za Kesi za Jinai ina njia yake, na wapo waliokaa miaka mingi kwa kile kilichoitwa ridhaa ya Rais. Majaji kadhaa wa Mahakama Kuu wameshasema kuzuiliwa bila kikomo kwa namna hiyo kunakiuka Katiba. Vyovyote iwavyo, njia hiyo ni ya mgonjwa. Mtu aliyejua alilolifanya na akafungwa kwalo hawezi kupelekwa Mathari kwa sababu majirani wanamwogopa. La pili ni usimamizi wa polisi. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 343, inamruhusu hakimu kuagiza mtu aliyerudia makosa mazito aripoti polisi anakoishi na kila anapohama, kwa muda usiozidi miaka mitano tangu atoke jela. Ni chombo cha zamani, kilichotengenezwa kwa ajili ya wezi sugu zaidi kuliko kwa ajili ya jambo letu hili.

Chombo chetu hasa ni kifungu cha 39 cha Sheria ya Makosa ya Kingono. Nakiomba kila msomaji mwenye mtoto akifahamu kama anavyofahamu nambari yake ya kitambulisho.

Kifungu hicho kinampa hakimu uwezo wa kumtangaza mtu kuwa mhalifu hatari wa kingono kukiwa na moja kati ya sababu tatu: amepatikana na hatia ya kosa la kingono zaidi ya mara moja; au kosa lake liliambatana na nguvu au vitisho; au aliyekosewa ni mtoto. Angalia hiyo ya tatu. Kila kesi ya unajisi inaingia hapo, hata ikiwa ni mara ya kwanza. Akishatangazwa na kufungwa bila hiari ya faini, mahakama huagiza, kama sehemu ya hukumu yenyewe, kwamba siku atakapoachiliwa baada ya kutumikia sehemu ya kifungo, Idara ya Magereza ihakikishe amewekwa chini ya usimamizi wa muda mrefu. Muda mrefu maana yake si chini ya miaka mitano.

Usimamizi huo si wa maneno. Agizo laweza kumtaka ahudhurie mafunzo ya kurekebisha tabia, aonane na msimamizi mara kadhaa kwa mwezi, aache pombe na dawa za kulevya, asikanyage mahali fulani, asitafute kazi ya aina fulani. Mahakama haitoi agizo kabla ya kupata ripoti ya afisa wa probesheni au mtu wa ustawi wa jamii inayoeleza jamaa zake, mazingira atakayorudi, na mpango gani utamfaa. Akikataa kushirikiana, hilo ni kosa jingine. Maana yake ni kwamba mahakama, miaka kumi kabla ya siku ya kutoka, inaweza kuandika: usiende kuishi kwenye ploti ile, usifundishe, usiendeshe gari la shule.

Haya, mbona hatuwaoni wasimamizi hawa Kariokor?

Sababu ya kwanza ni siku yenyewe. Agizo ni sehemu ya hukumu, kwa hiyo linaombwa siku ya hukumu. Mama mmoja anayeuza chakula karibu na soko letu alinihadithia alivyokuwapo mahakamani mtu aliyemdhuru bintiye alipofungwa. Alisikia idadi ya miaka, akalia, akashukuru, akaenda zake. Kiongozi wa mashtaka hakuuliza juu ya usimamizi, hakimu hakugusia, mshtakiwa naye asingeukumbusha. Mama hakujua kuna kitu cha kuuliza. Mtu yule alipotoka, hakukuwa na karatasi yoyote inayomfuata, na huwezi kurudi mahakamani miaka kumi baadaye ukaomba hukumu iongezewe kipande. Ukisoma hukumu za kesi hizi utaona mara nyingi kurasa nyingi juu ya ushahidi, aya moja juu ya miaka, kisha basi.

Sababu ya pili ni kasoro ya maandishi. Kifungu kinazungumzia mtu aliyeachiliwa baada ya kutumikia sehemu ya kifungo, na usimamizi wa muda uliobaki. Kwa aliyefungwa miaka 15, hesabu inakubali: anatoka baada ya 10, imebaki mitano, na mitano ndiyo kiwango cha chini cha usimamizi. Kwa aliyefungwa miaka 20 imebaki sita na miezi minane. Lakini aliyefungwa miaka 10 kwa ubakaji anatoka baada ya sita na miezi minane, imebaki mitatu na miezi minne, na sheria inataka usimamizi usiopungua mitano. Ipi ifuatwe? Na mfungwa mtundu aliyepoteza punguzo lake, akatumikia kifungo chote hadi siku ya mwisho, huyo ambaye pengine ndiye wa kuogopwa zaidi, hana muda uliobaki hata kidogo. Bunge likitaka kutusaidia lianzie hapo. Kurekebisha sentensi mbili ni kazi ndogo kuliko kuleta Kansas.

Kuna mtu atasema kwamba dawa ni kuwafunga milele tu, na mahakama zetu zimebishana sana juu ya hilo. Mei 2022 Mahakama Kuu ya Machakos ilisema vifungo vya chini vya lazima katika makosa ya kingono vinamnyima hakimu uhuru wake. Julai 2023 Mahakama ya Rufaa iliyoketi Malindi, katika kesi ya unajisi iliyotoka huku kwetu Pwani, ikasema kifungo cha maisha kisicho na mwisho ni kinyume cha Katiba, ikaweka miaka 40 badala yake. Wafungwa wengi wakaanza kurudi mahakamani kuomba wapunguziwe. Kisha Mahakama ya Juu ikafunga mlango: Julai 12, 2024 ikasema vifungo vya chini vibaki mpaka Bunge livibadili, na Aprili 11, 2025 ikarejesha kifungo cha maisha katika ile kesi ya Malindi. Hivyo ndivyo sheria ilivyo leo. Lakini maisha ya lazima ni kwa aliyemdhuru mtoto wa miaka 11 kushuka chini. Wengi wa waliobaki watatoka siku moja, na swali la Kariokor linabaki palepale.

Tuje kwenye daftari. Kifungu hicho cha 39 kinamtaka Msajili wa Mahakama Kuu atunze daftari la wote waliopatikana na hatia chini ya sheria hii. Si la kubandikwa ukutani. Mtu mwenye sababu ya maana anaweza kuomba kulitazama, na mwenye shule, mwenye nasari, kamati ya chuo cha Qur'ani au mzazi anayetaka kumwajiri mtu wa kukaa na watoto ana sababu ya maana kama kuna mtu anayo. Tena sheria imemwekea mzigo mhusika mwenyewe: aliyewahi kupatikana na hatia ya kosa la kingono akiomba kazi ya kukaa na watoto au wasiojiweza bila kutangaza hatia hiyo, ametenda kosa jipya. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 50,000, au vyote viwili. Kwa hiyo ukigundua kwamba mwalimu wa tuisheni aliyeajiriwa juzi ana hatia ya nyuma na hakusema, huna haja ya kungoja afanye jambo. Kutosema kwake tayari ni jambo la polisi.

Daftari bila mtu wa kulifungua halimzuii yeyote. Mfano ulio wazi kabisa haukutoka mtaa wa mashariki. Gregory Dow, raia wa Marekani, alikiri kosa la shambulio lenye nia ya kingono huko Iowa mwaka 1996, akatakiwa kuandikishwa kama mhalifu wa kingono kwa miaka kumi. Mwaka 2008 alikuja Kenya, akafungua makao ya watoto Boito, kaunti ya Bomet. Aliwadhulumu wasichana aliokuwa akiwalea, akatoroka kurudi kwao mwaka 2017 mambo yalipofichuka, akashtakiwa huko, na Februari 2021 akafungwa miaka 15 na miezi minane. Kwao jina lake lilikuwa limeandikwa. Huku kwetu alionekana mfadhili, na mfadhili haulizwi karatasi. Nasema hivi kwa sababu Pwani yetu imejaa wafadhili.

Kwa walimu wa shule, Tume ya Kuwaajiri Walimu ilitoa waraka nambari 3 mwaka 2010 juu ya kuwalinda wanafunzi na dhuluma za kingono, na huchapisha majina ya walimu iliowafuta. Mwalimu wa tuisheni, dereva wa gari la shule, kocha wa mpira wa uwanjani na ustadhi wa chuo hawako chini ya tume hiyo. Kwa hao kinachobaki ni cheti cha tabia njema cha idara ya upelelezi, kinachoombwa kupitia eCitizen na alama za vidole kuchukuliwa Huduma Centre. Gharama yake ni ndogo kuliko sare ya shule. Kiombeni, na kiwe cha karibuni, si cha miaka mitano iliyopita kilichokunjwa mfukoni.

Sasa lile ambalo watu wa kwetu hatupendi kuambiwa. Kifungu cha 39, daftari, cheti, vyote hivyo vinaanza na kitu kimoja: hatia iliyotolewa na mahakama. Na sisi kesi hizi tunazimaliza kinyumbani. Wazee wanakaa, familia mbili zinasikizana, mbuzi au pesa zinapita, msichana anapelekwa kwa shangazi Nairobi, au mbaya zaidi anaozwa kwa yule yule, na jina la ukoo linabaki safi. Mtu huyo hana hatia popote. Akiomba cheti atakipata kisafi. Akihamia mtaa wa watu, hata kamati iliyo makini kuliko zote haitaona kitu. Wengi wetu tunamwogopa aliyetoka Kamiti au Shimo la Tewa, lakini huyo angalau anajulikana. Sheria ilikwishaliona hili: kifungu cha 40 kinasema uamuzi wa kuachilia mbali upelelezi au mashtaka ya kosa la kingono si wa polisi, sembuse wazee, uliwekwa mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, na tangu Katiba mpya kazi ya mashtaka ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mzazi mwenyewe hawezi kuifuta.

Kwa haki lazima niseme upande wa pili. Katika hao wanaorudi wako vijana waliofungwa wakiwa na miaka 19 kwa kuwa na mpenzi wa miaka 17. Sheria haiwatofautishi na mzee aliyemvamia mtoto wa jirani, ila kwa idadi ya miaka, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ilisema wazi kwamba nchi inahitaji kulijadili hilo. Ndiyo maana napenda kifungu cha 39 kinavyosema hakimu anaweza kumtangaza mtu kuwa hatari, hakimlazimishi. Ripoti ya probesheni ipo ili kijana huyo asiwekwe kapu moja na yule mzee. Mtaani hatuna ripoti. Mtaani neno likishatoka ni tairi na kiberiti, na katika mitaa yetu hii tumeona watu wakiuawa kwa kelele ya mtu mmoja. Aliyenyimwa chumba, kazi na salamu hahami nchi. Anahamia pasipo na mtu anayemjua, na huko kuna watoto pia. Msimamizi anayejua anakolala na anayemtaka aripoti kila wiki anawalinda wengi zaidi kuliko jirani mwenye jiwe mkononi.

Majirani zetu nao wana fundisho. Tanzania ilipitisha sheria yake kali mwaka 1998, yenye kifungo cha miaka 30 na cha maisha. Mwaka 2004 mwanamuziki Nguza Viking, Babu Seya, na wanawe walifungwa maisha kwa makosa dhidi ya watoto. Wawili kati ya wanawe wakaachiliwa kwa rufaa mwaka 2010. Yeye na Papii Kocha wakatoka Desemba 9, 2017, kwa msamaha wa Rais Magufuli. Wao daima wamekana makosa hayo, na Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilisema Machi 2018 kwamba baadhi ya haki zao za kusikizwa zilikiukwa. Sitaki kuwahukumu upya. Nataka tuone tu kwamba hata aliyefungwa maisha anaweza kutoka kwa saini ya mtu mmoja, na kwetu Katiba inatoa uwezo kama huo katika kifungu cha 133. Agizo la usimamizi lililoandikwa siku ya hukumu lingekuwa tayari kwenye faili.

Kwa hiyo, kwa aliye na kesi sasa hivi, iwe Makadara, Kibera au katika mahakama maalumu ya dhuluma za kingono ya Shanzu: kabla ya siku ya hukumu mwendee kiongozi wa mashtaka, mtajie kifungu cha 39, mwombe aiombe mahakama imtangaze mshtakiwa mhalifu hatari na iagize ripoti ya probesheni. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inakupa nafasi ya kusikizwa kabla ya adhabu, kwa hiyo hata yeye akikataa waweza kulisema mwenyewe. Eleza mnakoishi, mtoto anasoma wapi, na ni mahali gani hamtaki akanyage. Afisa wa probesheni akija nyumbani mpokeeni, mpeni na namba ya simu ambayo haitabadilika. Omba nakala ya hukumu, uihifadhi pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Kwa ambaye mtu wake ameshatoka bila agizo lolote, kilichobaki ni daftari la Msajili, cheti cha tabia njema na lile kosa la kutojitangaza kazini. Mtoto akiwa hatarini leo, simu 116 ni ya watoto na 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, zote hazitozwi. Fomu ya P3 hutolewa na polisi bila malipo, na daktari aonwe kabla mtoto hajaoga wala kubadilishwa nguo.